Gorila hana kadi ya kura

Makala kwetu Goma ni vitu viwili, kuna hii unasoma na kuna ile nyeusi inawaka chini ya sufuria ya maharagwe, na leo zote mbili zitagongana, mniwie radhi.

Juzi mama mmoja jirani yangu, anauza makala kwa kipimo pale kwenye kona ya avenyi, alisikia redioni kwamba joto la dunia linatishia gorila wa Virunga, parke ya milima iliyo karibu nasi. Akaniita: "Baba, wewe unasomaka. Hao gorila si wako juu kule kwenye baridi? Joto litawafikia wapi? Na hata likiwafikia, mimi mama wa makala nitafanya nini, niwapelekee feni?" Tukacheka, nikanunua kipimo changu, nikaingia ndani. Ila swali halikutoka kichwani juu liko na vipande viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya: joto linamfanya nini mnyama, na siasa inaingilia mlango gani.

Mlima kwanza. Ukipanda mita 100 hewa inapoa nusu digrii na kidogo, hiyo haitaki darasa, mtu ametoka Goma na motari kwenda Masisi anajua fasi gani koti linatoka kwenye begi. Mimea nayo inajua. Mianzi iko na ukanda wake, miti mikubwa iko na wake, na kule juu kabisa kuna lobelia na nyasi za baridi, kila kitu kwenye ngazi yake. Dunia ikipata joto ngazi yote inasogea juu, mimea inafuata polepole na mnyama anafuata mimea. Sasa angalia umbo la mlima, chini mpana, juu umechongoka, kadiri unapanda ndivyo fasi ya kula inapungua, na Mikeno inaishia mita 4,437, Karisimbi 4,507, baada ya hapo ni mawingu tu. Kurudi chini je? Chini kuna mahindi na viazi na nyumba za watu mpaka kwenye ukingo wa parke, kuna fasi unaweza kusimama mguu mmoja shambani mwingine msituni. Gorila wa mlima anaishi kwenye kisiwa, tofauti ni kwamba maji yanayomzunguka ni sisi.

Ila tusidanganyane, gorila si wa kwanza kufa kwa joto. Anakula mimea ya namna nyingi, na maji yake mengi anayapata ndani ya majani na shina na vichipukizi vya mianzi, njo maana siku nyingi hata haendi kutafuta mto. Watafiti waliofuata makundi ya milima ya Virunga na ya Bwindi kule Uganda waliona kwamba siku za joto anakunywa maji mara nyingi zaidi. Inaonekana kitu kidogo, lakini hii ni nchi ya volkano, mvua ikinyesha inazama kwenye mawe, mito haba, na fasi maji yanapatikana njo fasi watu nao wanakuja na bido zao za maji, na mafua yetu na kikohozi chetu gorila anayapata kirahisi sana. Ongeza kwamba gorila jike anazaa mara ya kwanza akiwa na kama miaka 10, halafu kati ya mtoto na mtoto inapita kama miaka 4. Panya dunia ikibadilika anazaa vizazi ishirini na kuzoea. Gorila hana haraka hiyo.

Na bado idadi yake imepanda! Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wamepita 1,000, na Novemba ya mwaka ule ule IUCN, shirika la dunia la kulinda viumbe, likawatoa kwenye daraja la wale wako mlangoni mwa kutoweka, likawaweka kwenye daraja la hatari lenye nafuu kidogo. Hiyo ni kazi ya magardi, ya waganga wa wanyama na ya pesa za watalii. Kwa hiyo mtu akikuambia joto linamaliza gorila, muulize anahesabu gorila wapi. Binamu yake wa nchi ya chini, gorila wa Grauer, yule wa Kahuzi-Biega na wa Walikale, njo amepukutika: katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000, mwaka 2016 wakakadiriwa 3,800, mwaka 2021 baada ya hesabu kufanywa upya ikasemwa 6,800. Kilichomwangusha ni bunduki, ni machimbo ya madini ya koltani na kasiteriti, ni watu wenye njaa katikati ya msitu ambao nyama nyingine hawana. Kiboko pia hivyo hivyo. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000, katikati ya miaka ya 2000 hawakufika hata 1,000, na wavuvi wa Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, wakalia nao juu mavi ya kiboko njo mbolea ya ziwa, kiboko akiisha samaki anapungua.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema basi joto ni hadithi ya wazungu. Nenda kaskazini ya parke hii hii, Rwenzori, mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 7, leo haifiki hata moja, na hakuna aliyeikata na panga. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo kwenye urithi wa dunia zinaweza kuwa zimekwisha ikifika 2050. Au angalia Gabon, mbuga ya Lopé, kule walifuata miti ile ile kwa miaka zaidi ya 30: kati ya 1986 na 2018 nafasi ya kukuta tunda bivu imeshuka kwa 81%, na tembo wa msitu kati ya 2008 na 2018 wamekonda, hali ya mwili wao imeshuka kwa 11%. Msitu uko pale pale, mzima, haujakatwa, lakini miti fulani inangoja usiku wa baridi ili ichanue maua na usiku wa baridi hauji tena kama zamani. Tembo anafika chini ya mti wake wa kila mwaka, anakuta majani tu. Mimi hiyo inanitisha kuliko bunduki, juu bunduki unaweza kuinyang'anya.

Sasa fundo lenyewe. Kuna kifo cha joto, kama kile cha barafu na cha tunda. Kuna kifo cha watu, kama kile cha kiboko. Na kuna cha tatu ambacho hakiandikwi sana, joto linaanza kumpiga mtu na mtu anampiga mnyama. Mvua ya Septemba inachelewa, ikija inakuja yote siku moja na kubeba udongo, mkulima wa Rutshuru au wa Masisi anapoteza mahindi ya msimu, na ada ya shule haingoji msimu mwingine. Atafanya nini? Atapanda na panga kuchoma makala, au atasogeza shamba lake hatua kumi ndani ya parke, au atatega mtego wa swala na mtego hauchagui, mkono wa gorila unaingia humo pia. Weka vita juu ya hiyo, weka mamia ya maelfu ya watu waliokimbilia kandokando ya Goma na kila familia ilihitaji kuni kila jioni, na utaelewa kwa nini mimi nikisikia semina ya "wanyamapori na tabianchi" ndani ya hoteli yenye chai na keki, bila mtu mmoja kutaja bei ya gunia, ninaondoka mapema.

Hicho cha tatu njo mlango wa siasa. Kwetu siasa ni depite amekuja na tisheti na mchele, akishapita tunamuona tena baada ya miaka 5. Lakini nani anapewa ardhi, nani anapewa umeme, nani anasaini mkataba wa petroli na kwenye ramani gani, hiyo yote ni siasa, na inamfikia gorila kabla ya digrii moja kumfikia.

Chukua makala. Sehemu kubwa ya makala iliyopikia mji huu kwa miaka na miaka imetoka ndani ya Virunga. Mwaka 2007, Julai, familia moja ya gorila ilipigwa risasi kule sekta ya Mikeno, akiwemo dume mkubwa Senkwekwe, hakuna aliyechukua nyama wala mtoto, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara ya makala, gorila wakiisha hakuna sababu ya kulinda msitu. Ile picha ya watu wamembeba kwenye machela ya miti ilizunguka dunia. Dunia ililia, na Goma ililia pia na jioni tukawasha mbabula, majiko yetu ya makala. Hatukuwa na roho mbaya, hatukuwa na kitu kingine cha kupikia.

Ndiyo maana ninasema kiwanda cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kilichowashwa mwisho wa 2015 na nguvu ya karibu megawati 13, kimetetea gorila kama vile gardi mwenye bunduki. Maji ya mto yanazungusha mashine, waya unashuka mpaka mjini, na parke yenyewe njo inauza umeme. Msitu ukikatwa mto unachafuka na kupungua, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtu wa Goma ana faida kwenye mti kusimama. Lakini nilimuuliza mama wa kona, akaniambia shida si kujua, anajua. Kuunganishwa ni pesa, kashipawa, umeme wa kulipia kabla, ni pesa ya mara moja wakati makala unanunua kidogo kidogo hata ya siku moja, resho nzuri, jiko la umeme, inatoka nje na inalipiwa ushuru, na maharagwe yanakaa motoni masaa matatu. Halafu vita ya Januari 2025 ilikata umeme na maji, mji mzima ukarudi kwenye makala kwa usiku mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo. Ushuru wa resho unaandikwa na mtu mwenye kiti. Kuruhusu watu walipie waya kidogo kidogo kunaamuliwa na mtu mwenye kiti. Kwenye mikutano ya wanyama hao watu hawaitwi.

Petroli ni hadithi nyingine na hapo siasa iliwahi kushinda wazi wazi. Kampuni ya Uingereza, Soco, ilikuwa na kibali cha kutafuta petroli kwenye bloki, kipande cha ramani kilichokatwa kwa ajili ya petroli, inayoingia Virunga mpaka Ziwa Edward, mwaka 2014 walifika kufanya vipimo ziwani. Wavuvi wakasema, mashirika ya raia yakasema, wengine walitishwa na kupigwa, nje watu mamia ya maelfu wakasaini petisyo, UNESCO ikasukuma, na Juni 2014 kampuni ikakubali kusimama. Halafu angalia kilichofuata. Sheria ya haidrokaboni ya Agosti 2015 inakataza petroli ndani ya maeneo yaliyolindwa, vizuri sana, ila imeacha dirisha: leta, yaani serikali, inaweza kuondoa ulinzi wa eneo kwa kusema ni faida ya umma. Julai 2022 Kinshasa ikapiga mnada bloki 27 za petroli na 3 za gesi, nyingine zikigusa Virunga. Oktoba 2024 ule mnada wa petroli ukafutwa, ikasemwa ofa hazikuwa sawa. Januari 2025 ikaja Koridoo ya Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 500,000 za kulinda, tukapiga makofi. Mei 2025 zikafunguliwa bloki 52 mpya kwenye bonde la kati, nyingine zikikalia koridoo ile ile. Huko bonde la kati chini ya maji kuna udongo wa mboji, wetu na wa jirani Congo-Brazzaville pamoja, wenye kaboni kama tani bilioni 30, sawa na moshi wa dunia nzima wa miaka kama mitatu, na kwenye misitu ya huko anaishi bonobo ambaye hayupo nchi nyingine yoyote. Mkono mmoja unalinda, mwingine unauza, na mwili ni mmoja.

Sasa kabla hatujawa malaika, kuna deni la upande wa walinzi. Virunga ilianzishwa 1925 na Wabelgiji, parke ya kwanza Afrika, na hawakuuliza mtu. Kahuzi-Biega ilikuja 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa, watu asilia wa msitu waliokuwa wanaishi mle tangu mababu, wakafukuzwa bila ardhi nyingine. Wamekaa kandokando ya msitu wao miaka 50 kama wageni, wengine walijaribu kurudi, watu wakafa, magardi nao wakafa. Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa wazi uamuzi wake kwamba leta ya Congo ilivunja haki za Batwa hao, na ikasema warudishiwe ardhi. Kuna watu wa mazingira walikasirika na uamuzi ule, waliogopa msitu utakatwa. Mimi naona walikosea. Ukimfukuza mtu anayejua kila mti, umepoteza gardi wa bure na umepata adui anayejua njia zote. Sheria ya 15 Julai 2022 ya watu asilia iko, imeandikwa vizuri, kazi ni kuitoa kwenye karatasi.

Na kuna njia ambayo haipigiwi kelele sana, misitu ya jamii. Dekri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu kijiji au chefferie, eneo la chifu, kuomba msitu wao mpaka hekta 50,000, wanapewa bila tarehe ya mwisho, wanautunza na kuutumia kwa mpango wao. Kwa gorila wa Grauer hii ni kubwa juu wengi wao wako nje ya parke, kwenye misitu kati ya Kahuzi-Biega na Maiko, na mnyama ambaye hali ya hewa inamlazimisha kuhama anahitaji njia ya kupita. Parke ni sahani, misitu ya jamii ni daraja kati ya sahani na sahani. Shida yake ni karatasi nyingi, ramani, safari za ofisi mpaka mkoani, na kijiji ambacho hakina hata chaja ya simu kinaambiwa kilete kuratibu za jipiesi.

Huko nje je, kwa wenye moshi? Afrika nzima inatoa kama 4% tu ya hewa chafu, kwa hiyo hata tukizima mbabula zote za Kivu leo Karisimbi haitapoa. Desemba 2022 kule Montreal, kwenye mkutano wa dunia wa viumbe hai, nchi zilikubaliana kulinda 30% ya ardhi na bahari ikifika 2030, na nchi tajiri kutoa dola bilioni 30 kwa mwaka ikifika mwaka huo. Usiku ule wa mwisho mjumbe wa Congo alisema hawezi kuunga mkono juu ya mambo ya pesa, alitaka mfuko wa peke yake, na rais wa mkutano, Huang Runqiu wa China, dakika chache baadaye akapiga nyundo, imepita. Watu walisema Congo inaharibu. Niliposoma nilimkumbuka mama wa kona, anaambiwa aache makala kwa faida ya wote na akiuliza nani atalipa resho anaambiwa mkutano umekwisha.

Najua mtu atasema haya yote ni maneno, tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, depite wako Kinshasa, mabenki yalifungwa, unamwandikia nani? Ni kweli na sitajifanya sioni. Kuna barua huwezi kuibeba mkononi hapa na kuna jina huwezi kuliweka, kila mtu ajue fasi analala. Lakini sheria ya petroli haikuandikiwa Goma, haitarekebishwa Goma, na watu wa Beni, wa Kisangani, wa Kinshasa, wa Lubumbashi wanaweza kusaini kitu kile kile kwa jina la Virunga.

Katiba ya 2006 inasema kwenye kifungu cha 53 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira mazuri na ana wajibu wa kuyatetea, sawa, hicho wengi wanakijua. Kifungu cha 27 njo watu wanakisahau: kila Mkongomani, peke yake au na wenzake, anaweza kupeleka petisyo kwa mamlaka ya leta, mamlaka lazima yajibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa kuileta. Omba kitu kimoja chenye jina, usiandike "mtulinde wanyama", andika fungeni lile dirisha la sheria ya 2015, au ondoeni ushuru kwenye majiko ya umeme, au onyesheni ramani ya bloki juu ya ramani ya koridoo. Peleka kopi mbili na ile unabaki nayo wakupigie muhuri wenye tarehe, bila muhuri miezi 3 haina pa kuanzia kuhesabika.

Nilimweleza mama wa kona hivyo vyote, wakati huu nilikaa kwenye bido lake lililopinduliwa. Akauliza kama anaweza kuweka dole gumba, juu kuandika kunamsumbua. Nikamwambia katiba haikutaja kalamu. Akafikiri, akapima makala ya mteja, akarudi: basi ya kwanza iwe ile ya resho.